Tumeshuka Daraja: Msimu Wetu wa Kriketi, Mechi kwa Mechi

Chuo kimefunguliwa, bumu halijaingia, na kila ninayekutana naye kafteria ananiuliza swali lile lile: "Vipi, ile timu yenu ya kriketi iliishia wapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo jibu la jumla ni hili: tumeshuka daraja. Mechi tisa, tumeshinda tatu, tumefungwa tano, moja mvua iliamua. Timu zilikuwa kumi, mbili zinashuka, sisi ni wa tisa. Ndiyo hivyo.

Sasa kuna maneno mengi yanazunguka kuhusu mechi ya mwisho, nani alipangwa na nani aliachwa. Wengine wanaongea hata uwanjani hawakuwepo. Naona niyaweke yote hapa kwa utaratibu tangu Juni, atakayebisha abishe akiwa na habari kamili. Majina ya watu siyataji, wenyewe mnajijua.

KWA WASIOUJUA MCHEZO

Kwanza wale mnaosema kriketi ni rede ya watu wazima, njooni hapa mbele mkae.

Kuna njia katikati ya uwanja, urefu wake yadi 22, yaani kama mita 20 hivi. Kila mwisho wamesimamisha vijiti vitatu, ndiyo wiketi. Wapigaji wanaingia wawili wawili. Mrushaji anakuja anakimbia, anarusha mpira mkono ukiwa umenyooka (ukikunjua kiwiko ni kosa), na mpigaji anajitahidi mpira usiguse vile vijiti. Akipiga, wanakimbizana na mwenzake kubadilishana ncha, kila wakivuka ni mkimbio mmoja. Mpira ukifika kwenye mstari wa mwisho wa uwanja ni mikimbio minne, ukivuka hewani ni sita. Ukidakwa, umetoka. Vijiti vikiangushwa, umetoka. Wakitoka kumi timu imekwisha, maana wa kumi na moja hawezi kupiga peke yake. Mipira sita ni ova moja, na ligi yetu ni ova 50 kila upande. Tunaanza saa tatu asubuhi, tunamaliza jua likielekea Bagamoyo.

Na kuna kitu kinaitwa waidi. Mrushaji akirusha mbali ambako mpigaji hawezi kufika, wapinzani wanapewa mkimbio wa bure, halafu ule mpira haukuhesabiwa, unarudiwa. Lishikeni hilo la waidi, tutalirudia huko mwisho.

Mpira wenyewe ni wa ngozi, gramu 160 hivi, mgumu kama jiwe la kusagia viungo. Hakuna glavu isipokuwa kipa. Ukiudaka vibaya, kesho yake kalamu hushiki.

Kile cha kupigia sisi tunakiita bati. Siku moja nimekaa kwenye daladala la Mwenge nimempigia mshkaji namwambia "nimesahau bati langu kwako, lisije likanyeshewa," mama mmoja pembeni akanionea huruma, akaniuliza nimefikia wapi na ujenzi.

KLABU YENYEWE

Si ya chuo. Ni klabu ya mjini, ya zamani, tunacheza leo kiwanja hiki kesho kile. Nilipelekwa na rafiki nikiwa mwaka wa kwanza, nikaambiwa nisimame mbali niokote mipira, mpaka leo sijatoka.

Watu wake ni wa namna tatu. Kuna wazee na watoto wao, Watanzania wenye asili ya Kiasia, hao ndio wenye klabu kihistoria na ndio wanaonunua mipira. Kuna jamaa waliokuja kikazi kutoka India na Pakistan, wahasibu, watu wa kompyuta, wanacheza mwaka mmoja au miwili mikataba ikiisha wanaondoka. Halafu kuna sisi: wanafunzi wa vyuo na vijana wa kitaa waliofundishwa kriketi shule za msingi na sekondari, programu zile za kuingiza mchezo mashuleni.

Wanaosema "ule mchezo wa Wahindi" huwa nawauliza kama wamewahi kusikia majina ya Kassim Nassoro, Ivan Selemani au Yalinde Nkanya. Wote wamevaa jezi ya taifa. Hamisi Abdallah aliwahi kuwa nahodha wa taifa, Fatuma Kibasu kwa upande wa wanawake. Na mwaka 2025 vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la umri wao la mwaka 2026, mara ya kwanza katika historia ya nchi hii. Mlikuwa mnaangalia Simba na Yanga, sawa, siwalaumu.

Mtu muhimu kuliko wote klabuni hachezi. Ni mzee wetu wa kitabu, ndiye anayeandika kila mpira unaorushwa. Nukta ni mpira usio na kitu, namba ni mikimbio, na waidi ana alama yake ya msalaba mdogo. Ana penseli tatu na ufutio mmoja, na ukimsemesha katikati ya ova hakujibu. Kiswahili chake ni cha Kariakoo kabisa, kinatushinda sisi wa bara. Wakati wa chai ndipo anapofunguka. Yeye alikuwepo enzi ambazo kila jumuiya ina timu yake na kiwanja kinajaa Jumapili. Anakumbuka timu ya Afrika Mashariki iliyokwenda Kombe la Dunia la kwanza, Uingereza, 1975, wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia wamechanganywa. Walicheza tatu wakafungwa zote tatu, na New Zealand, India na Uingereza wenyewe.

Nilimuuliza kwa nini mchezo ulisinyaa. Akasema watu waliondoka. Majengo yalitaifishwa mwaka 1971, familia nyingi zikahamia Canada na Uingereza, na kila familia ikiondoka timu inapungukiwa watu wawili, watatu. "Bati tulikuwa nayo mengi tu," akasema. "Watu ndio hawakuwepo."

Hilo nililisikia Juni nikaona ni historia. Kufika Agosti nikalielewa vizuri zaidi.

JUNI: MZUKA

Mechi ya kwanza tulikwenda kumi na tatu, wawili wakakaa benchi wamenuna. Tukapiga 187. Fundi wetu, namwita hivyo kwa kuwa kwa kweli jamaa ni fundi, aliwahi kucheza daraja la juu, akapiga 54 kama anafyeka majani. Wapinzani wakaishia 156. Ushindi wa mikimbio 31, biriani ikaliwa, tukapiga picha, kila mtu akasema mwaka huu tunapanda.

Mechi ya pili ilikuwa ya masika yaliyokataa kuondoka. Wenzetu wako 92 kwa wiketi tatu, ova ya 22, wingu likaja kutoka baharini. Tukakimbia kufunika mkeka, tukachelewa. Mkeka ukilowa, mpira ukidunda unateleza chini kama sabuni, mtu anaweza kupoteza meno. Waamuzi wakaangalia, wakatikisa vichwa, pointi moja moja, nyumbani. Daladala ilikataa kutupakia na tope letu.

JULAI: UE

Julai naipitia haraka maana wengi mnaijua Julai ilivyo. Mechi mbili, vipigo viwili. Ya kwanza tulitolewa wote kwa 64, na fundi alikuwepo siku hiyo, msije mkadhani. Kipa wetu alikuwa na karatasi Jumatatu asubuhi, akaja na nouti zake ndani ya pedi, anasoma akisubiri zamu ya kupiga. Alikaa langoni mipira miwili. Akarudi kwenye nouti, nadhani hakuinua hata kichwa. Karatasi alipata B, kwa hiyo kuna aliyefaidika.

Ya pili tulifungwa kwa wiketi sita. Hakuna cha kusimulia.

AGOSTI: WATU TISA

Hapa ndipo msimu wenyewe ulipo.

Mnajua Agosti watu wanakwenda fildi. Mmoja kapangiwa Dodoma, mwingine Mwanza, mwingine Mtwara. Warushaji wetu wawili wa kasi walipanda basi wiki moja. Jamaa wa ofisini nao walikuwa na kufunga hesabu. Jumapili ya mechi ya tano, saa mbili na dakika arobaini na tano, nahesabu vichwa: saba. Saa tatu kasoro dakika tano: tisa. Kapteni alipiga simu mpaka salio likaisha, kipa wetu wa pili akajibu kwa kunong'ona yuko kanisani, kwaya inaimba.

Waamuzi wakaturuhusu tuanze na tulionao. Wapinzani wakashinda kura, wakatuambia tupige. Na mkiwa tisa, wiketi nane zikianguka mmekwisha. Tulitoka na 141. Mimi nilipata 22, siwezi kuacha kuisema hiyo. Wa mwisho kubaki alikuwa dogo mmoja wa Mbagala, mbili bila kutoka.

Huyu dogo nimtambulishe. Amemaliza kidato cha nne, anauza vocha na vifaa vya simu kwa kaka yake. Kriketi alijifunza shule ya msingi. Kutoka kwao mpaka viwanjani ni daladala mbili, tatu kama kuna foleni, na kila Jumapili ndiye anafika wa kwanza. Kupiga hajui sana, kurusha hajui. Anakimbia.

Basi tukaingia kuzuia tukiwa tisa. Uwanja wa kriketi ni mkubwa kuliko wa mpira wa miguu, mkiwa kumi na moja tu kuna mianya, mkiwa tisa ni kama nyumba isiyo na milango. Kapteni akamwambia dogo akae mbali kule upande wa miti, peke yake, eneo la watu wawili. Yule mtoto alikimbia kuanzia saa saba mpaka saa kumi. Mipira ambayo tulishaihesabu minne ikawa mmoja, au miwili. Alijirusha kwenye mchanga mpaka viwiko vikachubuka. Wapinzani wakaanza kuhofia kukimbia upande wake, wakaanza kupiga upande mwingine ambako tulikuwa wengi, wakaanza kudakwa. Wametoka wote kwa 133. Ushindi wa mikimbio minane, tukiwa tisa!

Jioni nikaangalia kitabu cha mzee. Jina la dogo: mikimbio 2. Warushaji wana wiketi zao, wadakaji wameandikwa. Mikimbio iliyozuiwa haina safu yake. Mzee akaona naangalia, akasema tu, "Hiyo haiandikiki."

Wiki hiyo hiyo tukakaa kikao. Haiwezekani klabu yenye watu zaidi ya ishirini kwenye grupu la WhatsApp ilete tisa. Tukakubaliana: kila mtu ahudhurie zoezi moja kwa wiki, Jumatano jioni au Jumamosi asubuhi. Asiyeweza atoe taarifa kabla ya Ijumaa, walioko fildi waeleweke. Asiyekuja zoezini na hajatoa taarifa, hapangwi, awe nani. Kapteni akasema anayekubali anyooshe mkono. Wote tulinyoosha. Fundi alikuwepo, alinyoosha.

Na Jumamosi yake alikuja zoezini, na Jumapili akapiga 87. Tukashinda kwa wiketi tano. Nasema hivi ili mjue simsemi vibaya. Jamaa akiwepo, mechi inabadilika rangi.

SEPTEMBA: KIMYA

Septemba fundi alipotea. Zoezini hayupo, simu inaita haipokelewi, kwenye grupu tiki za bluu tu. Baadaye tukasikia yuko kwenye mashindano ya mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe wa umeme. Kwa wasiojua, kuna mabonanza ya namna hiyo mjini, ova chache, kelele nyingi, na mshindi anapata mshiko. Mtu ana familia, sisi hatulipi senti. Namwelewa. Lakini taarifa ni ujumbe mmoja tu, bwana.

Mechi ya saba tulifungwa kwa mikimbio 40. Ya nane kwa wiketi tatu, tulipigana. Hesabu ikawa: ushindi tatu, mvua moja, pointi saba. Na timu ya kukutana nayo mechi ya mwisho ilikuwa na pointi saba vile vile. Anayeshinda anabaki, anayefungwa anashuka. Mngetunga filamu msingepanga vizuri hivyo.

OKTOBA: LISTI

Alhamisi kabla ya mechi, saa nne usiku, grupu likalia. Fundi: "Jumapili nipo. Nipangeni namba tatu." Basi, moto ukawaka.

Ijumaa kapteni alituita watatu, akatuuliza. Nafasi ilikuwa moja, kati ya fundi na dogo. Fundi alikuwa amecheza mechi tatu kati ya nane. Dogo nane kati ya nane, na mazoezi karibu yote.

Nataka niwe mkweli kuhusu hoja za upande wa pili, maana zilikuwa na uzito. Mmoja wa wazee wanaotununulia mipira alisema, kwa sauti ya upole kabisa: "Wanangu, daraja kwanza, nidhamu baadaye. Tukishuka, wachezaji wazuri wataondoka, na mimi kuwaomba wenzangu mchango itakuwa ngumu. Makubaliano mtayasimamia mwakani tukiwa bado daraja letu." Hayo si maneno ya mtu mjinga. Mpira mmoja wa ngozi ni msosi wa wiki nzima kwa mwanafunzi, na yeye amenunua mipira miaka na miaka. Mwingine akasema dogo mwenyewe angeelewa, angekubali kukaa benchi bila neno. Na ni kweli, angekubali. Hilo ndilo lililonikera zaidi, kwamba anayekubali kila kitu ndiye wa kwanza kutolewa.

Mimi nilisema dogo acheze. Sababu yangu ilikuwa nyepesi. Agosti tulinyoosha mikono tukiwa na njaa ya watu, na kuanzia siku ile watu walianza kuja. Jumatano za Septemba tulikuwa kumi na nne, kumi na tano, wengine wanatoka kazini na mabegi yao. Hawakuja kwa kuwa tunashinda, tulikuwa tunafungwa. Walikuja kwa sababu waliamini neno la pale kikaoni ni la kweli kwa wote. Ukilivunja Ijumaa usiku kwa ajili ya namba tatu mmoja, Jumatano inayofuata utamwambia nini yule anayetoka Mbagala?

Saa tano usiku listi ikatoka. Fundi hayumo. Akaandika: "Sawa." Halafu akajitoa kwenye grupu. Kapteni hakuandika maelezo, aliweka mstari mmoja tu: "Tulinyoosha mikono Agosti."

MECHI YENYEWE

Mawingu ya vuli yalianza kujikusanya asubuhi lakini hayakunyesha. Safari hii tulikuwa kumi na moja kamili na wa akiba wanne. Hata wadau wa Hall mlikuja, nawashukuru, ingawa mlikuwa mnashangilia wakati usio wake.

Tukapiga kwanza: 168. Dogo aliingia mwishoni, akapata sita. Si haba.

Wakaingia wao. Mpigaji wao wa tatu, mnene, mtulivu, alipokuwa na mikimbio 12 akapiga mpira juu sana upande wa miti. Uwanja mzima ukanyamaza. Dogo yuko chini yake, anarudi nyuma, anarudi nyuma, mikono imekaa vizuri kabisa. Mpira ukaingia mikononi ukatoka. Nilisikia mtu benchi akisema "nilijua," na ninajua ni nani.

Yule mnene akaendelea mpaka 61. Na aliyemtoa ni dogo huyo huyo. Walikuwa wanakimbia mkimbio wa pili, wakasahau nani yuko kule mbali. Akauokota akiwa anakimbia, akarusha kutoka kwenye miti moja kwa moja, vijiti vikaruka. Uwanja ukapasuka kwa kelele. Ikabaki wanahitaji 20, wiketi tatu mkononi. Wiketi nyingine ikaanguka.

Ova ya mwisho walihitaji mikimbio mitano, wana wiketi mbili. Mpira wa kwanza, mmoja. Wa pili, hakuna kitu. Wa tatu jamaa akaukata, ukapita kati ya watu wetu wawili, wote wamejirusha, wote wamekosa, ukaenda mpaka kwenye mstari. 169 kwa wiketi nane. Tumeshuka.

Tulikaa kwenye nyasi hatusemi. Dogo alikaa pembeni ameweka kofia usoni. Kikundi kimoja kikaanza: "Angekuwepo fundi..." na "Ule mpira ungedakwa..." Wakapiga hesabu, kwamba 61 toa 12 ni 49, mtoto katugharimu 49.

Mzee wa kitabu alikuwa bado anajumlisha. Alipomaliza akamwita kapteni, akamwonyesha safu ya chini, ile ambayo hakuna anayeisoma. Misalaba midogo. Waidi 19.

Haya, rudini pale juu nilipowaambia mlishike. Waidi 19 ni mikimbio 19 ya bure, na mipira 19 ya ziada, zaidi ya ova tatu tumewazawadia. Tumefungwa zikiwa zimebaki mipira mitatu tu. Kati ya hizo 19, kumi na moja zilitoka kwa warushaji wetu wawili waliorudi fildi wiki ile, mikono imelala tangu Agosti. Walitoa taarifa, walistahili kupangwa, hakuna aliyevunja kanuni. Ila mkono wa kurusha haujui habari ya taarifa, unajua mazoezi.

Kapteni akakisoma kwa sauti. Wale wa "ungedakwa" wakanyamaza.

Kama fundi angecheza tungeshinda? Labda angepiga 40. Labda angetoka kwa sifuri kama Julai. Hilo hakuna kitabu kinaloweza kulijibu, na atakayeniambia ana uhakika namwachia.

KIKAO CHA MWISHO

Tulikutana wiki mbili baadaye, chai na kachori. Wapo waliotaka kapteni ajiuzulu. Yule mzee wa mipira akasimama. Akasema yeye alipinga listi ile na bado anaona haikuwa na busara, lakini ataendelea kununua mipira, kwa kuwa hajaona mazoezi yenye watu wengi hivyo kwa miaka mingi. Kapteni akabaki. Tukapitisha ada mpya: wenye kazi wanalipa fedha, wanafunzi na vijana wanalipa kidogo na kutandika mkeka, kuukunja, na kwa zamu kukaa na mzee kujifunza kitabu. Kila mtu analipa kitu. Mpaka naandika hapa wamelipa kumi na wanne. Mwaka jana wakati kama huu walikuwa tisa.

Fundi amepata timu nyingine ya daraja la juu. Tulikutana Kariakoo, tukasalimiana vizuri, akaniuliza hali ya dogo. Hakuna bifu.

Mtu mmoja akalalamika kwamba daraja la chini ni aibu. Mzee wa kitabu akacheka. Akatukumbusha kwamba Mei 2008 Afghanistan walikuwa wanacheza daraja la tano la dunia, huko Jersey. Oktoba mwaka ule wakaja hapa hapa Dar kwa daraja la nne, sisi Tanzania tukiwa wenyeji na tumo humo humo kwenye mashindano. Wakalichukua, wakiwafunga Hong Kong fainali. Juni 2024 walikuwa nusu fainali ya Kombe la Dunia la T20. "Nilikwenda kuwaangalia," akasema. "Walikuwa wanafanya mazoezi mpaka giza linaingia." Halafu akaomba kachori nyingine.

TUZO ZANGU (HAZIKATIWI RUFAA)

Mpigaji wa msimu: fundi, kwa ile 87. Haki ni haki.

Mrushaji wa msimu: kapteni. Mechi tisa, waidi chache kuliko wote.

Mwanafunzi wa msimu: kipa mwenye nouti kwenye pedi.

Mchezaji wa msimu: dogo wa Mbagala. Mikimbio yake ya msimu mzima haifiki thelathini.

Jumatano baada ya kushuka daraja, ligi imeisha, hakuna mechi, nilipita kiwanjani kuchukua glavu nilizosahau. Nilikuta watu saba wanafanya mazoezi. Warushaji wetu wawili walikuwa wameweka kiatu mbele ya vijiti, wanarusha kukilenga, mmoja baada ya mwingine, na dogo anawarudishia mipira.

Mazoezi ni Jumatano saa kumi na nusu na Jumamosi saa moja asubuhi. Bati zipo, pedi zipo, pedi moja haina mkanda. Usiyejua kabisa njoo, utaanzia pale nilipoanzia mimi, kule mbali unaokota mipira. Na atakayekuja Jumamosi apitie kwa mama wa mihogo, mimi ya kwangu na pilipili.

Haya, ngoja nikapange foleni ya usajili. Alamsiki.